Mwalimu wangu anataka asilimia 30 ya jarida langu, nisaini?

Shangazi shikamoo. Naomba usitaje jina langu wala jina la jarida maana Morogoro ni mji mdogo na mafundi wote wanajuana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36. Natoa jarida la mafundi cherehani, linatoka kila baada ya miezi mitatu. Ndani kuna mishono, namna ya kukata, bei za vitambaa za Kariakoo, na katikati kuna karatasi kubwa ya kukunjua yenye michoro ya kukatia, yani fundi anaitandika juu ya kitambaa anafuatisha mistari tu. Nilianza 2022 na nakala 300 kwa hela ya kikoba, sa hivi nachapa 1,000. Nachapia Dar, naenda na treni asubuhi narudi jioni, mizigo inakuja na basi mpaka stendi ya Msamvu. Nauza 5,000 kwenye maduka ya uzi na zipu, mwenye duka anabaki na 1,000 yake. Kwa wastani zinauzika 700, hizo 300 zinarudi ziko chini ya kitanda cha watoto mpaka baba yao analalamika.

Sasa shangazi kuna mzee mmoja, namwita Mwalimu mpaka leo. Alikuwa mhariri kwenye gazeti nililoanzia kazi Dar, mi nilikuwa mtu wa kuchapa tu barua za wasomaji, yeye ndo aliyenifundisha kuandika, na baba yangu alipofariki alisimamia msiba kama ndugu yake. Amestaafu, sa hivi anafanya konsaltansi kwa watu wenye majarida madogo madogo, ya makanisa, ya shule, ya utalii. Mwezi wa kwanza alikuja nyumbani akaniomba toleo moja na karatasi nyeupe. Akaikunja ile karatasi mara tatu pale mezani kwenye makombo ya chapati, akaandika namba kwa penseli, akahesabu 16. Akasema mwanangu, karatasi moja kubwa ya mashine inatoa kurasa hizi 16, tatu zinatoa 48, wewe una 52, hizi nne za mwisho unazilipia pleti zake, yani mabati ya kuchapia, na kupandishwa mashineni upya, nani alikushauri? Hakuna aliyenishauri shangazi, nilikuwa naongeza tu kurasa nikiona picha zimezidi. Tulipopunguza zikawa 48 bili ya kiwanda ikashuka toka 2,900,000 mpaka 2,520,000. Kwa kukunja karatasi tu! Na hakudai hata mia.

Kwa hiyo aliporudi mwezi uliopita na mkataba nilikuwa tayari kusaini kabla sijasoma. Nilipousoma ndo usingizi ukakata. Anataka 400,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, alafu tufungue kampuni apate hisa asilimia 30. Kwenye jarida anataka kava liwe la mastaa maana ndo wanavuta matangazo, ile karatasi ya michoro itoke kwasababu ni gharama, tuchape nakala 3,000 ili bei ya nakala moja ishuke, na yeye awe admini kwenye magrupu yangu ya WhatsApp, nina mafundi 1,400 humo. Leseni atashughulikia yeye kwa jina la kampuni mpya. Ananiambia ona lile jarida la vijana la Femina lilivyoenea nchi nzima, unafikiri walifika pale kwa kuuza kwenye maduka ya zipu?

Mume wangu anasema ushauri ni maneno na maneno hayalipiwi, huyo mzee kaona mti umezaa anakuja na kapu. Wifi yangu ambaye ndo anapanga kurasa usiku kwenye laptop yake akitoka kazini nilimuuliza, akasema mi sina neno, amua wewe tu. Mimi niko katikati. Nikikataa nitakuwa nimemkosea mtu aliyenishika mkono nikiwa sijui kitu. Nikikubali naogopa siku moja nitalikuta jarida dukani nisilitambue. Na ukweli shangazi nimechoka, nataka mtu anayejua aniambie fanya hivi. Jibu anataka mwisho wa mwezi huu. Nisaini au nisisaini?

Mimi fundi wa maneno, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikamchukia huyo mzee, nikaisoma mara ya pili nikampenda, mara ya tatu ndo nikaona kwamba mimi kumpenda au kumchukia hakukusaidii kitu. Ngoja nikurudishie ulichoniambia uone kama nimekuelewa. Una kazi uliyoijenga mwenyewe, imefika mahali haifi na haikui. Amekuja mtu anayejua kweli, na kajua kukuthibitishia hilo kwa karatasi na penseli. Lakini bei ya kujua kwake ni kipande cha nyumba yako, na nyumba yenyewe anataka aibadilishe rangi na milango. Na juu ya yote ni mtu ambaye mdomo wako haujazoea kumwambia hapana. Kama nimekosea utanisahihisha.

Naanza na hili la mumeo maana ni jepesi. Ushauri unalipiwa mwanangu. Ile karatasi iliyokunjwa mara tatu imekuokolea 380,000 kwa toleo moja, na wewe unatoa matoleo manne kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe. Mumeo anaishi ndani ya hiyo faida bila kuiona. Ila naye ana jambo, kapu kaliona mapema, na mtu anayelinda mlango usimcheke hata kama anabweka kwa sauti mbaya (ananisamehe, ni kwa upendo).

Sasa hesabu. Hukuniandikia matangazo unapata kiasi gani kwa hiyo nitayaweka pembeni, wewe utayajumlisha. Nakala 700 mara 4,000 ni 2,800,000. Toa kiwanda 2,520,000 unabaki na 280,000, hapo bado nauli ya treni na mzigo wa basi. Mwalimu anataka 400,000 kwa mwezi, na jarida lako linatoka kila miezi mitatu, maana yake kila toleo linabeba 1,200,000 yake. Ili ulipe hiyo na bado ubaki pale pale ulipo leo unatakiwa kuuza nakala 300 zaidi. Mia tatu, mwanangu. Ndo zile zile zilizoko chini ya kitanda cha watoto! Yani ukiuza nakala zote 1,000 isirudi hata moja, ndo umefanikiwa kumlipa Mwalimu, wewe hujaongeza hata shilingi. Sisemi haiwezekani, na sisemi bei yake ni ya wizi, mtu wa uzoefu wake laki nne pengine ni huruma. Nasema tu toleo moja la jarida lako, kwa ukubwa wake wa sasa, halina mgongo wa kubeba mshahara wa mtu kwa mwaka mzima, labda matangazo yaje. Na yeye anajua hivyo, ndo maana katika mkataba ule ule kuna mastaa na kuna nakala 3,000.

Hizo 3,000 zinanisumbua. Ni kweli ukichapa nyingi bei ya nakala moja inashuka, maana pleti na kupanga mashine ni gharama ile ile uchape mia tano au elfu tano. Lakini bei inayoshuka kiwandani inaweza kukupandia nyumbani, kwasababu nakala isiyouzwa imekula karatasi nzima hata kama ilikuwa ya bei rahisi. Kabla ya kuuliza kuchapa ngapi, mimi ningeuliza zile 300 zinarudi kwanini. Zinarudi kutoka maduka yote au yale yale mawili matatu? Zinarudi kwasababu mafundi hawazitaki, au mwenye duka kaziweka nyuma ya maboksi ya zipu? Hilo halimo kwenye mkataba na halimo kwenye barua yako pia.

Na nikuulize kitu kingine, nani kakwambia zile zilizorudi zimekufa? Gazeti la jana ni la jana, lakini mchoro wa kukata kola au mkono wa puto hauchachi. Jirani yangu hapa ana cherehani barazani, nilimsomea barua yako bila kumtajia mji, swali lake la kwanza lilikuwa "hiyo karatasi ya michoro anauzaje?" Hakuuliza kava lina nani. Mtu mmoja si utafiti, najua, ila wewe una mafundi 1,400 mkononi na unaweza kuwauliza leo usiku kabla watoto hawajalala: katika jarida hili mnakata nini, mnatunza nini, mnatupa nini. Jibu lao litakusaidia kuzungumza na Mwalimu kuliko mimi. Huenda wakasema wanataka mastaa! Mafundi wengi wanaletewa picha ya staa kwenye simu na mteja, "nishonee kama hili", kwa hiyo mzee huenda kaona kitu wewe hujakiona. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba staa anaingia na mchoro unatoka mlango ule ule.

Hapo kwenye Femina, heshima kwa Mwalimu lakini mfano haukai. Wale walianza 1999, wamebebwa na wafadhili, na jarida lao linapelekwa shuleni bure. Hawaishi kwa kuuza nakala dukani. Ukipima jarida lako kwa futi ile utajiona mfupi kila siku. Kama anataka kukulinganisha akutafutie mtu mwingine anayeuza jarida la kazi, la ufundi, la kilimo, la upishi, anayelipwa na msomaji mwenyewe, na amwombe kabisa mkae naye saa moja. Mshauri anayefanya kazi na wenye majarida madogo lazima atakuwa na wateja wawili watatu wa zamani. Umewahi kuongea na hata mmoja? Wa kanisa, wa utalii, yeyote. Uliza tu walikuwa wapi kabla yake, wako wapi sasa, na walipotaka kuachana naye waliachanaje. Hilo la mwisho ndo sikilizia vizuri.

Tuje kwenye asilimia 30. Umeandika kama vile ni neno moja na 400,000, mimi naona ni vitu viwili tofauti ambavyo vimefungwa kwenye kitenge kimoja. Ada ni malipo ya kazi, ikiisha kazi imeisha. Hisa ni ndoa. Kama sasa hivi umesajili BRELA, kule serikalini wanakosajili biashara, jina la biashara peke yako, hisa hazipo, hakuna cha kugawa mpaka mfungue kampuni, na mkishafungua yeye ni mwenye kampuni hata siku akiacha kukushauri, hata akihama mji, hata akifariki (Mungu ampe umri) zile hisa zinakwenda kwa watoto wake ambao hawajawahi kushika jarida lako. Wapo watu wanaofanya hivyo na wanafurahi. Mwenye hisa anakesha na wewe kiwandani, wa ada anakwenda kulala saa kumi na mbili. Lakini kwa kawaida mtu anachagua kimoja, au anapunguza kimoja ili apate kingine. Ukimuuliza kwa adabu "Mwalimu, ukipata hisa, ada inashuka mpaka ngapi?" utajifunza mengi kwa namna atakavyojibu.

Njia ziko kadhaa na hakuna isiyo na mwiba. Unaweza kumwomba akufanyie kazi ya mara moja, toleo moja, jambo moja, mfano kushughulikia zile nakala zinazorudi, mkapatana bei ukalipa mkamaliza. Ubaya wake ni kwamba mambo mengine ya jarida hayaonekani kwa miezi mitatu, na yeye anaweza kuona umemshusha cheo. Unaweza kumpa asilimia ya matangazo atakayoleta, hapo hutoi hela mfukoni kabisa, ila jiandae, mtu anayelipwa kwa tangazo ataleta tangazo lolote, kesho unakuta ukurasa wa nyuma una cream ya kujichubua na mafundi wako wanakuuliza imekuwaje, kwa hiyo neno la mwisho la kukataa tangazo liandikwe kuwa lako. Unaweza kukubali hisa lakini zipatikane kidogo kidogo kadri miaka inavyokwenda na kazi inavyoonekana, badala ya zote siku ya kusaini. Hapo itabidi upate mwanasheria, na mwanasheria naye anakula. Na unaweza kukataa kabisa ukabaki ulivyo, na uchovu wako, ambao ni mkubwa kuliko ulivyouandika. Nimeuona. Mtu anayesema "nataka mtu aniambie fanya hivi" mara nyingi hana shida ya akili, ana shida ya mikono, kazi imezidi.

Vyovyote utakavyoamua kuna vitu vitatu usiviachie kwa mazungumzo ya mdomo. Jina la jarida ni la nani, na hili hata bila Mwalimu ulipaswa kulifanya, jina la biashara peke yake halikulindi kama alama ya biashara, ambayo nayo inasajiliwa BRELA, kwa machapisho ni daraja la 16, inadumu miaka 7 ya kwanza alafu unahuisha. Leseni iko kwa jina la nani, maana kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 chapisho linahitaji leseni na aliyeandikwa pale ndiye mwenye sauti serikalini, kwa hiyo hilo neno "nitashughulikia mimi" lifafanuliwe. Na zile namba 1,400. Mwanangu, kiwanda kipo, karatasi ipo, mastaa wapo, lakini orodha ya mafundi wanaokuamini umeijenga duka kwa duka. Admini anaweza kumtoa fundi yeyote kwenye grupu lako mwenyewe kwa kidole kimoja. Labda hana nia hiyo hata kidogo, mimi naongelea kidole tu.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwenye barua yako amepata mstari mmoja. Wifi yako. Anapanga kurasa zote, usiku, kwenye laptop yake, akitoka kazini. Hukuandika unamlipa kiasi gani, na mimi nikakisia kwanini hukuandika, kama nimekosea nisamehe. Matoleo tangu 2022. Leo inakuja habari ya hisa, unamuuliza, anasema "mi sina neno, amua wewe tu". Mimi nina mawifi wanne na nimewahi kulisema neno hilo, na kila nilipolisema nilikuwa na maneno ya kujaza ndoo. Inawezekana kweli hana neno. Inawezekana pia anajiuliza mbona aliyekuja na penseli juzi anatajiwa asilimia 30 na yeye hatajiwi kitu. Na mafaili yote ya jarida yako kwenye laptop yake, sio yako, sio ya Mwalimu. Siku akichoka, na watu wa usiku huchoka ghafla, huo mkataba wa 400,000 utakuwa unashauri kitu gani?

Pengine hapo ndipo swali lako linapogeuka kidogo. Ulikuwa unauliza nimpe Mwalimu au nisimpe. Mimi naona kabla ya kugawa keki kaeni wewe na wifi yako mjue walioipika ni wangapi. Baada ya hapo huenda ukaona bado kuna nafasi ya Mwalimu, tena kubwa, au ndogo kuliko anayotaka, au ya aina nyingine kabisa. Sijui, na sitajifanya najua, mimi jarida lako sijalishika.

Na hilo la kumkosea. Umeandika nikikataa nitakuwa nimemkosea, kana kwamba kuna milango miwili tu, saini au tusi. Huyu mzee alikuwa mhariri, maisha yake yote amerudisha kazi za watu zikiwa na wino mwekundu na watu hao wakaendelea kumsalimia. Mkataba wake nao ni andiko. Anaweza kurudishiwa. Tena naamini moyoni kuna sehemu yake itafurahi kuona yule binti wa barua za wasomaji kajifunza kusahihisha. Anaweza pia kununa, na mnuno wa mzee unauma, hilo siwezi kukuficha. Lakini mtu mliyezikana hapotei kwa nukta mbili kwenye mkataba. Akipotea kwa hizo, basi ulichokuwa unaogopa kukipoteza tukiongelee siku nyingine, niandikie.

Mwisho wa mwezi alioupanga ni wake, na tarehe nayo inaombwa. Ukishakaa na wifi yako, kama utaona inafaa mtumie ujumbe, au bora mpigie, maneno unaweza kuyabadilisha yawe ya kwako: "Mwalimu shikamoo. Nimesoma mkataba mara tatu kama ulivyonifundisha kusoma. Nina maswali sita nimeyaandika pembeni kwa penseli, naomba uje nyumbani tukae, wifi naye atakuwepo." Alafu nyamaza, mwache ajibu yeye kwanza.